Mkorosho Mmoja wa Shemeji Silvano

Shemeji yangu Silvano alipanda Newala mwaka 1974 akiwa na baiskeli, koti la kuazima na barua ya padri, akitaka kumwoa dada yangu Oliva. Alitokea Masasi, kwa Wamakua, kule chini kwenye majabali. Mimi naamini kwamba mtu aliyekulia chini ya jabali akifika huku kwetu juu hupata kizunguzungu, kwa hiyo nilishauri apewe jembe kwanza, chakula baadaye. Ushauri wangu ulifuatwa. Hapa kijijini ushauri wangu hufuatwa sana, ndiyo maana hata watu wasio wapwa zangu huniita Mjomba Erasto.

Kwetu Wamakonde mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Shamba ni la ukoo wa mama, mikorosho iliyomo ni ya ukoo wa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, hata kuku akitaga tunauliza kwanza mama yake ni nani. Mkwe ana haki na kitu kimoja tu: mti alioupanda kwa mkono wake. Mti huo ukisimama, naye amesimama. Ukianguka, yeye ni mgeni aliyekaa siku nyingi.

Wakwe wenye akili hupanda ishirini, thelathini, mpaka mashemeji tunaanza kukosa usingizi. Silvano alipanda mmoja. Mmoja! Tena aliumwagilia maji, mkorosho huo, kwa ndoo ambayo mke wake aliipandisha kichwani kutoka bondeni. Oliva alimwambia, "Baba Anthony, kesho nenda wewe bondeni, ukirudi ndio tuone kama mti bado una kiu." Hakuumwagilia tena.

Hakuendelea kupanda kwa sababu alipata kazi hospitalini Mkomaindo, ya kuosha vioo vya maabara. Akawa anakaa Masasi na kuja kwetu mwisho wa mwezi. Miaka ishirini aliosha vioo. Bwana Cecil, mtaalamu wa maabara, alikuwa mtu mwenye moyo, akimruhusu kuchungulia kwenye hadubini kabla kioo hakijaoshwa. Basi akija likizo msimu wa mabibo, tukikaa kwenye uraka, pombe ya hayo mabibo, sisi tunazungumza mambo ya watu wazima, yeye anatuletea damu.

"Ndani ya damu yenu," alisema, "kuna askari weupe. Wanatembea. Wakimkuta mdudu wa ugonjwa wanamzunguka, wanammeza. Nimewaona kwa jicho langu."

"Weupe?" nikamwuliza. "Si tuliwafukuza wote mwaka sitini na moja? Hao wamejificha wapi?"

Uraka ulitoka puani mwa watu. Silvano hakucheka. Mtu aliyechungulia kwenye hadubini huwa hachekicheki.

Mwaka 1995 serikali iligundua kwamba ina watu wengi kuliko kazi. Silvano akapewa karatasi ya kumshukuru, akarudi Newala moja kwa moja na godoro lake. Aliikuta nchi imefunguliwa. Zamani tulikuwa na mnunuzi mmoja wa korosho, naye akituchelewesha peke yake. Sasa walikuja wanunuzi kumi, kila mmoja na mzani wake, na sisi tukawa huru kuchagua mzani wa kutuonea. Vijiji vilijaa mitumba, redio za betri na watu waitwao mawakala.

Wakala wetu alikuwa Halfani. Halfani aliuza salfa, ile dawa ya unga wa manjano ya kupulizia mikorosho, na alikodisha pampu ya kuipulizia. Pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo ya kijiji. Kwa hiyo mtu huyohuyo alitangaza ugonjwa, akauza dawa, kisha akapita shamba kwa shamba kukagua kama umenunua. Watu wa mijini wanakiita kitu hiki ushindani.

Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwepo kweli. Tunauita ubwiriunga. Unakuja kwenye baridi ya Juni na Julai, mkorosho unapochipua: majani machanga na maua yanakuwa meupe kama yametoka kinuni, yanajikunja, yanakauka, na mwaka huo unavuna kivuli. Msimu wa 1996 ulikuja kwa nguvu. Alfajiri yote uwanda ulinguruma pampu, nasi tukarudi nyumbani na nyusi za manjano, tukikohoa kwa furaha ya maendeleo.

Mti wa Silvano haukupuliziwa hata kijiko. Pesa za salfa zote Oliva alizielekeza kwenye miti ya ukoo, akasema mti wa mume wangu ni wa mume wangu. Na mti wa mume wake, bwana, ukabaki kijani. Mkorosho mfupi, umepinda kiuno, korosho zake ndogo kama meno ya mbuzi, umesimama katikati ya miti myeupe kama vile haukusikia habari.

Silvano aliuzunguka siku tatu, mikono nyuma. Siku ya nne akatangaza kwamba ameelewa.

"Mti huu una askari," alisema. "Wako kwenye utomvu wake. Wanatembea ndani kama kwenye damu yetu. Sasa, hospitalini mtu akipungukiwa damu anafanyiwaje?"

"Anaongezewa," nikajibu, maana mimi maswali ya sayansi hayajawahi kunishinda.

"Basi."

Akachagua mkorosho mmoja wa Oliva uliolemewa na ugonjwa. Akautoboa mti wake kwa msumari wa moto, akautoboa na ule mgonjwa, akaunganisha matundu kwa mabua ya mpapai yaliyochomekwa moja ndani ya lingine, viungo vikafungwa kwa raba ya baiskeli. Utomvu ulitoka tone moja, ukafika kwenye bua la pili, ukaganda. Akapuliza kwa mdomo. Sasa kama hujui utomvu wa mkorosho, muulize Silvano. Midomo ilimvimba mpaka akawa anaongea kama mtu aliyeshika kiazi cha moto. Shamba zima tulikuja kumpa pole, wengine tulikuja mara mbili.

"Mama Anthony," nilimwambia dada yangu, "mume wako ameiongezea damu miti, sasa imebaki kuipima joto."

"Kaka, nyamaza," alisema Oliva. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, ukitoboa tena mti wa mama yangu, nitakutoboa wewe."

Mti mgonjwa ulibaki mweupe vilevile. Silvano akanuna wiki nzima. Na ningeishia hapa, ningekuwa nimeshawachekesha vya kutosha, lakini ndipo Halfani alipokuja kukagua.

Kamati ilikuwa imepitisha sheria ndogo: mkorosho usiopuliziwa salfa, ukikutwa na dalili ya ugonjwa, unakatwa, kwa sababu unaambukiza jirani. Mimi nilikuwa mjumbe. Tulisimama chini ya mti wa Silvano, Halfani akavuta tawi, akageuza jani, uso wake ukang'aa kama mtu aliyepata mteja.

"Hii nini?"

Jani lilikuwa na vitone vya kahawia, vidogo kama vichwa vya pini, vingi. Akavuta jani jingine. Vitone. Majani machanga karibu yote yalikuwa na vitone.

"Ndui," alisema Halfani. "Mti una ndui. Nilijua tu, hakuna kitu kinachopona bila salfa."

"Ule unga mweupe uko wapi?" akauliza Silvano. Midomo yake ilikuwa imepona.

"Unga utakuja. Hii ni dalili ya kwanza. Kamati inasema ukatwe Ijumaa."

Wakanitazama mimi. Shamba ni la ukoo wetu, na kwenye ukoo wetu mjomba ndiye msemaji. Bila neno langu shoka haliingii. Nitasema ukweli, kwa kuwa mimi ni mkubwa na sina wa kumwogopa: Halfani alikuwa ameniahidi pampu siku mbili bila kodi. Nikatazama vitone, nikatikisa kichwa kitaalamu, nikasema, "Ukatwe."

Silvano alinisubiri mpaka wenzangu walipoondoka.

"Shemeji, unajua mti huu ni nini kwangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeomba wakuachie kuni."

Nilitegemea atanitukana, maana baina ya mashemeji matusi ni salamu. Hakutukana. Alichuma majani manane, akayapanga ndani ya daftari la zamani la shule la mwanawe Anthony, akapanda baiskeli na kuondoka kuelekea Masasi. Ilikuwa Jumatano. Oliva alisimama uani akimtazama mpaka akapotea kwenye mteremko, kisha akaniambia, "Ukija kula hapa leo utajipakulia mwenyewe." Nikajipakulia. Mchuzi ulikuwa umehamishwa.

Masasi, Silvano alikwenda kwa Bwana Cecil, mahali pekee duniani alipopajua pa kuulizia jambo la namna hiyo. Bwana Cecil alisema yeye ni wa damu na makohozi, majani hayajui, lakini mjini yupo mtafiti wa mikorosho anayefundisha semina ya wakulima. Mtafiti huyo alikuwa mwanamama aitwaye Rose. Ijumaa saa tatu asubuhi, shoka likiwa tayari limeegemezwa kwenye shina na Halfani akiwa amekuja na mashahidi wa kutosha, tukaona gari linapanda na vumbi lake. Baiskeli ya Silvano ilikuwa juu ya gari, na Silvano mwenyewe ndani, mbele, kama mheshimiwa.

"Shikamooni," alisema Rose. Hakuwa mtu mzima sana, alivaa gambuti na kofia ya chandarua.

"Marahaba, mama. Karibu. Umekuja kushuhudia?" akajibu Halfani.

"Nimekuja kuchungulia."

Akatoa kioo cha kukuzia chenye ukubwa wa sarafu, akakiweka kwenye kitone kimoja, akatazama muda mrefu. Kisha akachuma jani kwenye mti wa Oliva uliojaa unga, akalitazama na hilo. Akampa Halfani kioo.

"Tuambie unaona nini, mwenyekiti."

"Kwenye hili jeupe naona… nyuzi. Kama utando wa buibui."

"Huo ndio ugonjwa. Ni ukungu. Unatambaa juu ya jani na kuchomeka mirija kwenye ngozi yake ili unyonye. Sasa tazama kitone cha kahawia."

"Naona pameungua. Na uzi mmoja, mfupi. Umeishia hapohapo."

"Umekufa," alisema Rose. "Silvano aliniambia mti wake una askari. Nimemwambia amekosea na amepatia."

Silvano akavimba kifua kwa lile la pili.

"Kila jani limejengwa kwa vyumba vidogo sana, tunaviita chembe, na kila chumba kina ukuta. Mti hauna askari wa doria, kuta zote hizo angepitia wapi? Badala yake kila chumba kina mlinzi wake. Ukungu ukichomeka mrija, mlinzi anamtambua mgeni. Akishamtambua, anaiteketeza nyumba yake mwenyewe, mwizi akiwa mlangoni. Ukungu huu haujui kula mzoga, unanyonya chembe hai tu. Chumba kikifa, nao unakufa njaa. Hivyo vitone ni nyumba zilizochomwa. Mti usio na vitone hapa ni ule ambao walinzi wake wamelala." Akaonyesha miti yetu myeupe.

Macho ya watu yakahamia kwenye shoka. Mimi sipendi watu watazame shoka, hasa shoka nililoidhinisha mimi.

"Mama," nikasema, "sisi binadamu tuna askari wanaotembea, mti una walinzi wanaojichoma. Nani alianza? Maana mmoja lazima aliiga."

"Hakuna aliyeiga, mzee. Tulikuwa na babu mmoja."

"Nani na nani?"

"Wewe na mkorosho."

Watu wakacheka, na walinicheka mimi. Nikaona leo nimekutana na mwenzangu.

"Zamani sana," aliendelea, "miaka zaidi ya bilioni moja, kulikuwa na kiumbe cha chembe moja tu majini. Na hata huyo, mdogo hivyo, alikuwa na wa kumla na wa kumwingilia. Aliyeshindwa kujua hiki ni mimi na hiki si mimi hakuacha watoto. Kisha ukoo ukagawanyika. Tawi moja likaendelea kutambaa na kumeza chakula. Huko ndiko wanyama walikotokea, na wewe mzee. Yule askari mweupe aliyemwona Silvano kwenye damu bado ana tabia za babu, anatambaa na kumeza. Tawi jingine likajifunza kupika chakula kwa jua, likajijengea ukuta, likaacha kutembea. Huwezi kukimbia, huwezi kumkimbilia mwizi, basi kila chembe ijilinde ilipo."

"Na walinzi hao wanafanana na wa kwetu?" akauliza Silvano.

"Ndicho kinachotushangaza. Miaka hii miwili mitatu ndipo watu wamegundua kwamba baadhi ya walinzi wa mimea, ukiwatazama maumbile, wana viungo vinavyofanana na vya walinzi wa nzi na wa binadamu. Wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema ni urithi wa babu. Wapo wanaosema kila ukoo ulijibunia wake kwa vipande vya zamani, ikatokea vimefanana, kwa kuwa kazi ni moja."

"Kama jembe la Mmakua na jembe la Mmakonde," nikasema.

"Enhe, mzee. Hivyohivyo."

Mnaona? Mwenye digrii alikubali mfano wangu mbele za watu. Angalau Halfani hawezi kukana.

Lakini Halfani alikuwa na sheria yake ndogo. "Mti haujapuliziwa, na una dalili."

"Dalili ya kupona," alisema Rose. "Salfa si mbaya, mwenyekiti, endelea kuiuza, inasaidia. Ila ukikata huu utakuwa umekata mti pekee uliojilinda wenyewe msimu huu. Na msije mkadhani hautashindwa kamwe. Mlinzi anamjua mwizi kwa viatu vyake. Mwizi akibadilisha viatu, mlinzi anamfungulia. Ndiyo maana msiwe na miti ya aina moja uwanda mzima."

Wakanitazama mimi tena. Silvano hakunitazama. Alitazama shina. Oliva alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, unga ukiwa bado umeushika, akanitazama kwa niaba yake.

Zile siku mbili za pampu nilishazitumia. "Neno nililolisema Jumatano nimelirudisha," nikasema. "Mjomba akisema, amesema. Akirudisha, amerudisha. Shoka litoke."

Silvano akalibeba shoka yeye mwenyewe hadi kwenye baraza ya Halfani, akaliegemeza mlangoni taratibu, akamshukuru kwa kumwazima.

Mngedhani yameisha. Ndiyo kwanza yalianza. Rose alirudi mwezi uliofuata kutufundisha kubebesha: unakata tawi la mti mgonjwa, unachukua kikonyo, yaani ncha changa ya mti mzuri, unakichomeka kwenye kisiki cha tawi na kufunga kwa nailoni, nacho kinashika na kukua. Mti wa Silvano ndio uliotoa vikonyo. Oliva alibebesha miti kumi na miwili siku ya kwanza, na vikonyo tisa vikashika.

Hapo ndipo wazee wa ukoo walipoamka. Mizizi ni ya mama yetu marehemu. Shina ni la mama yetu. Kichwa ni cha Silvano. Korosho ni ya nani? Tulikaa kikao kutwa nzima, na nawaambia, hilo swali la nani ni mimi na nani si mimi, ambalo yule babu wa majini alilimaliza peke yake bila elimu, sisi watu kumi na wanne wenye kofia lilitutoa jasho. Mmoja alitaka Silvano adaiwe kodi ya mizizi. Mwingine alitaka vikonyo ving'olewe.

"Ng'oeni," alisema Oliva. "Halafu na Anthony mumgawanye. Miguu ya ukoo, kichwa cha baba yake."

Nikatoa hukumu kabla hajaendelea, maana dada yangu akianza na mifano hata mimi huogopa. Nikasema: mti wa ukoo uliobebeshwa kikonyo cha mkwe umepandwa na mkwe. Mabibo ya uraka yatakuwa ya ukoo, hasa ya mjomba. Silvano alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya meza, na nilipoona amefika tisa na kuongeza kimoja, nikajua nimeshakuwa na shemeji wa kuniondolea usingizi.

Ikawa kila mtu anataka vikonyo. Waliotaka mti uanguke walikuja na ngazi. Kufikia Septemba ulikuwa umenyonyolewa kama kuku wa sikukuu, na Silvano akawa anaketi chini yake na panga, akigawa viwili viwili, akikataa cha tatu. Halfani alifika na gunia. Alisema kuna watu Tandahimba wanahitaji, na yeye ni wakala wao.

"Kaa mwisho wa mstari, mwenyekiti," Silvano alimwambia. "Utapata viwili. Lakini kwanza jani lako tulikague."

Halfani akakaa. Nilikuwa wa nne kutoka mbele; nilijaribu kupita kwa heshima ya ujomba, nikarudishwa.